Niambie Kasoro Zake

Talitha alifungua sanduku, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi sita, akatulia. Akapitisha tena. Gitaa lile, alivyoambiwa, lilikuwa limefika Kamina kutoka Lubumbashi kwa treni, siku kadhaa za kutikiswa, jua la mchana na baridi ya alfajiri, na bado nyuzi zake zote zililingana kana kwamba mtu alikuwa amezipanga dakika ileile.

"Nani aliipanga, Papa?"

Papa Lazare alikuwa amesimama mlangoni, kofia bado kichwani. Alicheka kidogo. "Hakuna muntu. Gitaa ya kweli njo iko vile."

Kila mpiga gitaa anajua kwamba gitaa likisafiri hupoteza sauti, hata liwe zuri namna gani. Talitha naye alijua. Lakini aliyekuwa akisema ni Papa Lazare, na kwake neno la mzee yule halikuwa na haja ya kupimwa. Alipokuwa na miaka kumi na moja, wazee wa parokia yao ya Kimethodisti walisema msichana kazi yake ni kuimba, gitaa ni la wanaume. Lazare, aliyekuwa mkubwa wa wapigaji wote, alimsimamisha mbele ya kanisa, akamvisha mkanda wa gitaa lake mwenyewe na kuwaambia: "Mumuache apige kwanza. Kisha museme." Walipomsikia, hakuna aliyesema. Leo ana miaka thelathini na minne, ni mwalimu wa darasa la tano, na kwaya haiimbi bila yeye.

Jambo moja walilomtania wanakwaya ni kuchaguachagua kwake. Hakuna gitaa lililompendeza. Hili shingo nene, lile zito, jingine sauti yake kama bati.

"Kuna muntu anataka kutolea kwaya hii gitaa," Lazare alieleza. "Lakini sitaki kuipokea kama haikufai. Kaa nayo juma mbili. Nitapita kila siku, na weye uniambie kasoro zake. Zote. Usisikie haya."

"Nitaziandika kwenye kayé," alisema, akichukua daftari lake.

"Hapana." Alilisema upesi mno, kisha akalainisha sauti. "Sema na kinywa, uko unaishika. Muntu akiandika anajidanganya."

Basi Talitha aliliweka gitaa pajani. Lilikuwa la rangi ya kahawa iliyoungua, na mishipa ya manjano ilipita ndani ya mti wake kama iliyo chini ya ngozi. Alikunjua mkono wa kushoto. Yeye hupiga kwa vidole viwili vya kulia, kidole gumba na cha shahada, kama wazee wa Katanga walivyopiga, na kwa upigaji ule shingo lazima ijae kiganjani bila kukishinda.

"Shingo yake ni nene," alisema. "Mukono wangu haizunguke."

Uzi wa nne ukavuma. Waya wa ampli, kikuza sauti chake, ulikuwa bado umekunjwa mezani, na hakuna aliyeugusa uzi ule.

"Muzuri," alisema Lazare. "Muzuri sana." Akaondoka kabla Mira, mdogo wake Talitha, hajamletea maji ya kunywa.

Kesho yake Talitha alirudi kutoka shuleni, akalishika gitaa, na kiganja chake kikazunguka shingo bila taabu. Alidhani mkono umezoea. Alifurahi, akapiga hadi maharagwe yakaungua jikoni. Walipokaa kula, baba yao, mzee Mwanza, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na kuwa na mikono minene kama mipini ya majembe, alinyoosha mkono kuchukua tonge la bukari, na saa yake ikateleza ikaangukia kwenye sahani ya mboga ya sombe. Aliiokota, akaivaa tena. Ikateleza tena.

"Mukanda umelegea," alisema.

Mira aliiangalia ile saa. Mkanda wake ulikuwa wa chuma.

Siku ya tatu Lazare alikuja, akaketi, akauliza: "Na leo? Wapi haikufai?"

"Sasa shingo iko muzuri. Lakini ni nzito, Papa. Nikisimama wimbo mbili tu, bega inauma."

Uzi wa nne ulivuma tena, mrefu kuliko mara ya kwanza, na Talitha akasikia harufu ikitoka kwenye matundu ya gitaa, harufu ya kinywa cha mtu aliyelala na njaa. Alimtazama mwalimu wake aone kama naye ameisikia. Lazare alikuwa akitazama sakafu.

Siku mbili baadaye lile gitaa lilikuwa jepesi, likining'inia begani kama koti. Na mzee Mwanza alikuwa akitembea uani ameshika suruali kwa mkono mmoja. Mashavu yalikuwa yameingia. Mira alimsaidia kuinuka kitini, akamwinua zaidi ya alivyokusudia, miguu ya mzee ikaacha ardhi kidogo, na msichana akatoa ukelele kwa sababu mikono yake ilikuwa imejiandaa kwa mzigo na mzigo haukuwamo.

"Yaya," alimwita dada yake jikoni kwa sauti ya chini, "papa anaisha. Hana homa, anakula vizuri, lakini anaisha."

Walimpeleka kwenye zahanati. Walimpima malaria, hawakuona kitu, wakampa vidonge vya kuongeza damu.

Talitha hakuunganisha mambo yale mawili. Ungeunganishaje? Kwa upande mmoja baba anayekonda, kwa upande mwingine gitaa linalozidi kumpendeza. Kitu pekee alichoona ni kwamba siku hizi alitamani shule iishe, na kwamba akifungua sanduku ile harufu ilimpokea kwanza, yenye joto, kama mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni muda mrefu na sasa anataka kuzungumza.

Siku ya nane, saa tisa za mchana, jua likiwa kali hata kuku wamejificha, Lazare alipita kama alivyopita kila siku. Nje, Mira alikuwa akifua huku akiimba wimbo wa Jumapili. Alikuwa na sauti iliyowafanya watu wa parokia nyingine wahame mabenchi: nene, yenye nyama, na mwishoni mwa kila noti ndefu kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama kucha ikipita juu ya kitambaa. Mkwaruzo ule hakuna aliyeweza kuuiga.

"Bado kasoro?" aliuliza Lazare.

"Moja tu. Halafu basi, Papa, naamini itanifaa."

Mzee aliinua uso kwa ghafla. "Usiseme bado hilo. Sema kasoro kwanza."

"Sauti yake. Inakata sawa kisu. Minyi nataka sauti ya kutoka kifuani."

Uani, wimbo ulikatika katikati ya neno.

Talitha alisubiri uendelee. Alisikia maji yakimwagika, beseni likigonga mawe, kisha miguu ikikimbia, na Mira akatokea mlangoni, povu hadi kwenye viwiko, mikono miwili shingoni. Kinywa chake kilikuwa wazi. Alikuwa akijaribu kupiga kelele, mishipa ilimtoka, machozi yakamtiririka, na hakikutoka chochote ila upepo.

Talitha alisimama, na alipokuwa akisimama mkono wake uligusa nyuzi. Ampli lilikuwa limewashwa, limeunganishwa na betri ya sola, na kutoka ndani yake ikatoka noti moja, nene, yenye nyama, ikakua na kujaza chumba chote hadi vikombe vikatetemeka kabatini, ikaenda, ikaenda, na mwishoni kabisa, pale ambapo gitaa lingine lolote lingenyamaza, ukaja mkwaruzo mdogo, kama kucha ikipita juu ya kitambaa.

Alipogeuka kumtafuta Papa Lazare, kiti kilikuwa kitupu.

Hakufunga hata sanduku. Alilaza gitaa sakafuni, akasimamisha pikipiki barabarani, akamwambia dereva mtaa wa nyuma ya gare ya treni. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba mzee amekimbia kumtafutia daktari. Alikuwa akijiambia hivyo hata alipobisha mlango wa Lazare, na alikuwa amebisha mara ya tatu alipokumbuka kwamba mlango ule haubishwi. Mama Kaumba, mke wa Lazare, alikuwa kiziwi kwa mwaka wa tatu sasa. Kwaya yote ilijua: ukifika pale, pita dirishani, punga mkono.

Mlango ukafunguliwa.

"Ingia, mwana! Nimesikia pikipiki toka kule kona." Mama Kaumba alimshika mikono yote miwili. "Wafwako, Talitha. Aksanti sana. Unaniona? Hata kuku sasa minasikia!"

"Toka lini, mama?"

"Toka ile kitu itoke hapa. Siku ya pili yake niliamuka, nikasikia mvua kwenye mabati. Nililia." Akautazama uso wa Talitha, na kicheko chake kikapungua. "Lakini Lazare alikuelezea. Alisema ulikubali mwenyewe kutusaidia kuiondosha. Sivyo?"

"Aliniambia ni gitaa ya kwaya," alisema Talitha. "Aliniambia nijaribu kama inanifaa."

Mama Kaumba aliketi polepole. Kisha akasimulia, akitazama viganja vyake. Lazare alipewa gitaa lile Bukama, na mtu aliyekuwa na haraka ya kupanda mashua. Alilipenda, lakini alikuwa na lalamiko moja: akigusa nyuzi polepole gitaa halikumjibu. "Haisikie," alisema. Kesho yake gitaa likaanza kusikia, hata pumzi yake lilikuwa likiijibu. "Na minyi nikaacha kusikia. Tulipoelewa, akafunga kinywa. Miaka tatu hakutaja kasoro nyingine, sanduku chini ya kitanda. Halafu akaenda kuuliza huko Bukama. Walimwambia ile pepo inaachilia kitu cha zamani kama inapata kitu kipya. Kwa nyumba ingine. Kwa muntu asiyejua."

Kivuli kiliziba mlango. Papa Lazare alikuwa amerudi kwa miguu, vumbi hadi magotini. Aliwaona wanawake wale wawili, akavua kofia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sanduku.

"Mira hana sauti," Talitha alimwambia. "Papa yangu anabaki mifupa. Kila siku ulikuja kuniuliza. Kila siku, Papa."

"Nilikupenda sawa mutoto wangu," alisema Lazare.

"Kamina iko na wapiga gitaa wangapi? Juu ya nini uchague minyi?"

Alipojibu hakudanganya. Labda alikuwa amechoka. "Wengine wangesema siku ya kwanza, 'inanifaa'. Ingetulia kwao na masikio ya Kaumba ndani. Ilipaswa muntu asiyeridhika. Mwenye atakuwa na kasoro za kusema mwaka muzima." Aligeuza kofia mikononi. "Mwenye niko namujua vizuri. Minyi njo nilikufundisha kusikia kasoro."

Talitha alihisi kitu kikimtoka kifuani, na hakikutoka kwa uchawi wowote. Ule mchana wa kanisani, mkanda ukiwekwa begani pake, wazee wakinyamaza: sasa hata hilo hakujua kama lilikuwa lake.

Aliyesimama ni Mama Kaumba. Alichukua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga. "Twende kwa Mama Masengo," alimwambia Talitha. "Lazare hakutaka niende kwake, alisema watu watajua. Wajue."

"Ukinisaidia, masikio yako..."

"Ninasikia vizuri," alijibu mama yule. "Njo maana nimesikia ile amesema."

Mama Masengo alikuwa mjane wa Kikatoliki aliyeuza samaki wakavu wa Kinkondja sokoni, na wengi waliokwenda kwenye meza yake hawakwenda kwa ajili ya samaki. Aliwasikiliza huku akifukuza nzi, rozari shingoni.

"Hiyo haifukuzwe na ngoma wala na kelele za maombi," alisema. "Haililii nyama. Inalilia kupendwa. Ukisema inakufaa, imekwisha kuolewa kwako. Ukisema haikufai, itajitengeneza, na vyombo vya kujitengenezea ni bantu ba nyumbani kwako. Weye sema ya tatu. Isifu mpaka mwisho, halafu itaje kasoro zako weye. Za kweli. Na ikitaka kukutengeneza, ukatae. Unasikia? Hapo njo patakuwa pagumu."

"Na nikimaliza, niivunje?"

"Hapana! Ilichokula kiko ndani bado, kitatoka pole pole. Irudi kwa mukono ulioitoa, ifungwe mwezi muzima, ndipo ichomwe. Na siku zote hizo muntu asitaje kasoro yake. Hata moja."

Mvua ilianza Talitha alipofika nyumbani. Gitaa halikuwa sakafuni alipoliacha. Lilikuwa limeegemea kiti chake, shingo imeelekea mlangoni. Alimwomba baba na Mira wakae chumba cha ndani wafunge mlango, akaketi, akaliweka pajani. Lilikuwa na joto.

Akapiga. Na hapo ndipo alipoelewa kwa nini mtu wa Bukama alikuwa na haraka na kwa nini Lazare alinyamaza miaka mitatu badala ya kulitupa mtoni, maana chini ya vidole vyake vile viwili zilitoka sauti alizokuwa akizisikia kichwani tangu utoto na ambazo hakuna gitaa lililowahi kumpa, besi ikitembea peke yake kama mtu ajuaye njia, noti za juu zikijibu kabla hajazigusa, na katikati yake Mira akiimba, Mira mzima, na nyuma ya Mira mtu mwingine, na nyuma ya huyo wengine, wengi, vinywa ambavyo gitaa lilitoka navyo Bukama na kwingine kabla ya Bukama, wote wakimwimbia yeye, wakimsubiri aseme neno moja tu.

"Huna kasoro," alisema Talitha. Alikuwa akilia. "Sijashika gitaa sawa weye. Shingo yako, uzito wako, sauti yako. Hakuna kasoro."

Nyuzi zote sita zikavuma.

"Minyi njo siwezi kukufaa. Kidole changu cha ine ni zaifu. Wimbo ukiwa muzuri ninaukimbiza. Nikikosa ninasema ni gitaa. Maisha yangu yote nikikosa, ninasema ni gitaa."

Hapo kidole chake cha nne kikaanza kupata joto. Alikiona kikinyooka juu ya uzi, kikijaa nguvu, kikibonyeza noti ambayo hakijawahi kuifikia, na noti ile ilikuwa safi kuliko zote; na kutoka chumba cha ndani akasikia baba yake akiita, kwa mshangao zaidi kuliko kwa maumivu: "Talitha? Mukono wangu. Talitha, siusikie mukono wangu."

"Sitaki!" alipiga kelele. "Sitaki kutengenezwa! Niache na zaifu yangu!"

Alivuta waya. Alikirudisha kidole kwa mkono mwingine, kama mtu anayemvuta mtoto kutoka barabarani, akalilaza gitaa ndani ya sanduku. Liliendelea kuvuma kidogo, chini zaidi, chini zaidi, kama mtu aliyeachwa stesheni na treni imeshaondoka. Kisha uzi wa kwanza ukalegea. Wa pili ukalegea. Gitaa lile likapoteza sauti, kama magitaa yote.

Asubuhi mzee Mwanza alikunywa uji sahani mbili, na kikombe alikishika mwenyewe. Mira alisema, kwa sauti ya kuvunjika kama ya mtu mwenye mafua: "Yaya." Neno moja. Walishikana wakakaa hivyo.

Talitha alilirudisha sanduku mchana uleule. Lilikuwa zito tena. Dereva wa pikipiki aliguna alipolipokea. Mama Kaumba alimpokea uani, akamkalisha, akaanza kumuuliza habari za Mira. Lazare alilichukua sanduku kwa mikono miwili.

"Usilifungue," Talitha alimwambia, bila kumwita Papa. "Mwezi muzima. Na usiseme kasoro yake."

"Nimesikia."

Aliingia nalo ndani. Wanawake waliendelea kuzungumza. Labda alitaka kuhakikisha tu, mzee wa watu; miaka mitatu aliishi na kitu kile chini ya kitanda. Walisikia vifungo vya sanduku vikifunguka. Talitha aliruka kutoka kitini, lakini Lazare alikuwa ameshagusa uzi, polepole, kwa ncha ya kidole, na uzi ulikuwa umekufa, haukumjibu chochote. Akatokea mlangoni, gitaa mkononi, uso wote umefunguka kwa furaha, akamwita mkewe kama kijana:

"Kaumba! Imekwisha! Haisikie tena!"

Uzi wa nne ukavuma.

Mama Kaumba alikuwa katikati ya neno. Alinyamaza, akatikisa kichwa, akaingiza kidole sikioni kama anayetoa maji. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alimwona mumewe akipiga magoti, kinywa chake kikienda, kikienda, na akainua mkono kumwonyesha kwamba hapana, asijichoshe.

Jioni ile ile sauti ya Mira ilirudi yote, na mkwaruzo wake. Aliimba uani, baba akipiga makofi, majirani wakaja kwenye lupango, ukingoni mwa ua, kusikiliza. Talitha alisikiliza hadi mwisho. Alijua sauti ile imeachiliwa kwa sababu gani, na bado hakuweza kusema kwamba hakufurahi.

Jumapili alipiga gitaa la zamani la kwaya. Kidole chake cha nne kiliteleza mara mbili, na hakulaumu kitu. Ulipofika wakati wa kupeana amani alishuka hadi benchi la mbele. Alimpa Mama Kaumba mikono yote miwili, na mama yule akaishika sana, macho yake yakiwa bado kwenye kinywa cha Mira. Kando yake Papa Lazare alikuwa amesimama, amenyoosha mkono wake. Talitha aliuona vizuri, mkono uliomfundisha. Akapita, akamsalimu mtu aliyefuata.